Andiko na Daftari: Somo kwa Vikundi Viombavyo Fedha za Mifuko ya Jamii

Zamani mtu aliposema "Maandiko", Mkristo alifahamu Maandiko Matakatifu. Siku hizi, katika kata ya Ruaruke na katika wilaya nzima ya Kibiti, mtu akikuambia kwamba ana andiko, maana yake ana karatasi za kuombea fedha. Akina mama wa kikundi wana andiko, vijana wa bodaboda wana andiko, kamati ya shule ina andiko, na hata kwaya, twasikia, inatafuta mtu wa kuiandikia. Hatusemi haya kwa dhihaka. Watu wadogo wana haki ya kuomba, na mifuko iliyowekwa kwa ajili yao haina kazi nyingine ila kuwasaidia. Lakini twaona kwa huzuni kwamba vikundi vingi huanzia mwisho: hutafuta karatasi kabla ya kutafuta jambo lenyewe, na karatasi ikirudi mikono mitupu husema kwamba huko mjini wanapeana kwa kujuana.

Kujuana kupo, hatukani. Hata hivyo, mara nyingi sababu iko karibu zaidi, nayo imefungiwa katika sanduku la mtunza hazina. Mfuko wowote wenye akili husoma kwanza daftari la kikundi, ndipo usome andiko lake. Kikundi chenye daftari safi chaweza kuandika ombi lake chenyewe, kwa Kiswahili cha kawaida, hata kama baadaye itabidi mtu alitafsiri. Kikundi kisicho na daftari hakiwezi kuokolewa na mwandishi yeyote, hata awe na shahada tatu.

Mfuko wa jamii ni kitu gani?

Watu wa Rufiji hawahitaji kufundishwa jambo hili na mgeni. Jirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi katika nchi hii ya Delta, waijua wakfu tangu kale. Mtu hutoa minazi yake au nyumba yake kwa ajili ya msikiti, au madrasa, au maskini; tangu siku ile mali yenyewe haiuzwi wala hairithiwi; mazao yake ndiyo hutumika, na msimamizi hutoa hesabu. Mfuko wa jamii, ukiwa kama ulivyokusudiwa, wafanana sana na wakfu. Mwaka 1914, katika mji wa Cleveland huko Marekani, mkuu mmoja wa benki aitwaye Frederick Goff aliona jinsi matajiri walivyokufa wakaacha wosia zilizofunga fedha kwa makusudi yaliyokwisha kupitwa na wakati. Akaanzisha mfuko mmoja wa mji mzima, ambamo wengi waliweza kuweka mali zao, na baraza la wananchi likaamua faida itumike wapi kwa mahitaji ya siku zile. Kutoka hapo namna hii ya mfuko imeenea duniani.

Kwetu Afrika ya Mashariki, Kenya Community Development Foundation ilianza mwaka 1997, ikisaidiwa mwanzoni na Ford Foundation na Aga Khan Foundation, nayo imezihimiza jamii zijiwekee akiba yao wenyewe ambayo faida yake tu ndiyo itumike. Nchini Tanzania jina lijulikanalo zaidi ni Foundation for Civil Society, iliyoandikishwa mwaka 2002. Hii si wakfu wa mji mmoja. Hupokea fedha za wafadhili mbalimbali na kuzigawa kama ruzuku kwa asasi za raia. Tunao pia Mfuko wa Misitu Tanzania, uliowekwa kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, ambao husaidia utunzaji wa misitu na kazi zinazoambatana nao kama ufugaji wa nyuki. Na uko mpango wa ruzuku ndogo wa Mfuko wa Mazingira wa Dunia, ulioanza mwaka 1992, ambao kwa miaka mingi ruzuku yake ya kawaida kwa mradi mmoja haikuzidi dola 50,000 za Marekani. Kila mfuko una kusudi lake, na kuuomba ule wa misitu ununue jezi za mpira ni kupoteza nauli.

Yafaa pia tusichanganye ruzuku na mkopo. Halmashauri za wilaya hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Fedha hiyo hurudishwa. Kikundi kitakacho mashine ya kukoboa mpunga ili wanachama wapate faida, mahali pake ni huko. Ruzuku ya mfuko kwa kawaida hutolewa kwa jambo ambalo kijiji chote kitalinufaikia, na msomaji wa maombi hutambua upesi biashara iliyovikwa kanzu ya huruma.

Mfano wa tangi

Tuchukue mfano, tuufuate mpaka mwisho. Tuseme akina mama 20 wa Ruaruke wamejiunga katika kikundi, nao waona kwamba watoto wa shule ya msingi hutoka darasani kwenda kutafuta maji ya kunywa. Wataka kuweka tangi la kukinga maji ya mvua. Mtu wa kukodi angewaandikia hivi: mradi utaondoa kabisa tatizo la maji, utainua elimu, utakomesha maradhi na kumkomboa mwanamke. Msomaji wa mfuko amekwisha kuyaona maneno haya mara mia. Hayamwambii lolote juu ya Ruaruke.

Sasa akina mama hao wapime wenyewe. Paa la jengo moja lina urefu wa mita 20 na upana wa mita 8, yaani mita za mraba 160. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba hutoa lita 1 ya maji; kwa hiyo kila milimita ya mvua italeta lita 160 katika paa lile. Tukitoa sehemu moja ya tano kwa maji yamwagikayo na yale ya kwanza yanayoosha vumbi na mavi ya ndege, ambayo ni lazima yaachwe yaende zake, zabaki lita 128. Tangi la lita 10,000 litajaa kwa mvua ya milimita 78 hivi. Je, litawatosha watoto? Kama wako 400, na kila mmoja anywe lita 1 kwa siku, watatumia lita 400, na tangi litakwisha kwa siku 25 za masomo, yaani majuma 5.

Hapo ukweli umejitokeza, nao ni mdogo kuliko ahadi ya yule mtu wa kukodi. Tangi moja haliondoi tatizo la maji. Litawapa watoto maji ya kunywa kwa majuma matano kila lijaapo, na wakati wa kiangazi litakuwa tupu. Basi ombi liseme hivyo hivyo! Liseme pia kwamba maji ya kufulia na kufagilia hayatachotwa humo, na kwamba bomba litakuwa na kufuli na ufunguo utakaa kwa mwalimu wa zamu. Msomaji akiona kikundi kilichopima paa, kikahesabu watoto na kukiri mpaka wa msaada wake, atajua kwamba watu hawa hata fedha wataihesabu.

Kisha yaja makisio ya gharama, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Bei za kukisia kichwani hazifai. Waende kwenye maduka matatu, wapate hati za bei tatu zenye tarehe, na waeleze kwa nini wamechagua moja. Waandike usafirishaji mpaka Ruaruke, tena waulize gari litadai nini wakati wa matope, maana tangi lililonunuliwa likabaki Kibiti mjini halikingi maji ya mtu. Waandike msingi: lita 10,000 za maji zina uzito wa tani 10, na tangi lililowekwa juu ya matofali yaliyopangwa kwa haraka litainama kabla ya mvua ya pili. Waandike mifereji ya bati, na kichujio, na fundi. Katika makisio mengi tuliyoonyeshwa, kitu kikubwa kimeandikwa na vitu vidogo vinavyokifanya kifanye kazi vimesahauliwa, lakini posho za vikao zimekumbukwa zote.

Na mchango wao wenyewe? Hakuna mfuko upendao kutoa mahali ambapo wenyeji hawakutoa. Wasiseme, "Sisi ni maskini, hatuna kitu." Mchanga ni kitu, mawe ni kitu, na mikono ni kitu. Wanachama 20 wakifanya kazi siku 6 kila mmoja, ni siku 120 za kazi. Tukikadiria shilingi 5,000 kwa siku, mchango wao ni shilingi 600,000, nao uandikwe katika makisio kwa safu yake, na mahudhurio yawekwe sahihi kila siku ya kazi, ili isiwe hesabu ya hewani.

Jambo moja zaidi kabla hatujaliacha tangi. Shule si mali ya kikundi. Kwa hiyo pawepo muhtasari wa serikali ya kijiji unaokubali, na barua ya mwalimu mkuu, na maneno wazi juu ya nani atatengeneza bomba likivunjika mwaka wa tatu. Vivyo hivyo wenzetu walio kando ya mikoko: msitu wa mikoko ni hifadhi ya Serikali, na kikundi kinachotaka kupanda au kutunza mikoko hakina budi kupatana kwanza na Wakala wa Huduma za Misitu. Andiko lisilo na barua hiyo laomba fedha za kufanya kazi katika shamba la mwingine.

Hati na sahihi

Juu ya uandikishaji tutasema kwa ufupi, maana Afisa Maendeleo ya Jamii wa wilaya yuko kwa kazi hiyo, naye aulizwe. Kikundi kidogo cha kijiji huandikishwa katika halmashauri. Kikitaka kuwa shirika lisilo la kiserikali, kitaongozwa na Sheria Na. 24 ya mwaka 2002 pamoja na marekebisho yake ya mwaka 2019, ambayo yaliweka muda wa miaka 10 kwa hati ya uandikishaji. Shirika kama hilo lina wajibu wa kupeleka taarifa kwa Msajili kila mwaka, na kanuni za mwaka 2018 ziliagiza kwamba mikataba ya fedha inayozidi shilingi 20,000,000 ipelekwe kwa Msajili na kwa Hazina. Twashauri watu wa Ruaruke wasikimbilie kuwa shirika la kitaifa kwa sababu jina ni kubwa. Mzigo wa taarifa na ukaguzi huja pamoja na jina. Kikundi kichanga chaweza kuomba kwa kupitia shirika kongwe litakalopokea fedha kwa niaba yake, mradi mapatano yaandikwe na kila upande ubaki na nakala.

Katiba iwe fupi, ya kueleweka na kila mwanachama. Tumeona katiba ya kikundi cha kijijini iliyotaja kurugenzi tano na makamu wa mkurugenzi, na mwanachama hata mmoja hakuweza kutueleza kazi ya kurugenzi ya pili. Iliyonakiliwa hujulikana! Kadhalika maandiko: yako yazungukayo kutoka wilaya hadi wilaya, yakibadilishwa jina la kijiji tu, na siku moja msomaji wa mfuko atakuta wakulima wa Ruaruke, nchi ya korosho na mihogo, wakiomba msaada kwa ajili ya kahawa yao ya mlimani.

Fedha ya benki itolewe kwa sahihi za watu wawili katika watatu, na hao wasiwe mume na mkewe, wala mwenyekiti na mdogo wake. Mtu akiuliza, "Je, hamniamini?", ajibiwe kwa mfano wa Mtume Paulo. Makanisa aliyoyaanzisha yalikusanya sadaka kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Katika waraka wake wa kwanza kwa Wakorinto aliagiza kwamba kila mtu aweke akiba yake siku ya kwanza ya juma, kadiri ya mapato yake, na kwamba wateuliwe watu wa kuipeleka, wakiwa na barua. Katika waraka wa pili akamtuma Tito pamoja na ndugu wengine ambao makanisa yaliwashuhudia, akatoa sababu waziwazi: asije mtu akamlaumu juu ya fedha nyingi ile, kwa kuwa alitaka mambo yawe mema mbele ya Bwana na mbele ya wanadamu pia. Yule aliyeyatoa maisha yake yote kwa Injili hakuona haya kusindikizwa na mashahidi. Mtunza hazina wa kikundi chetu ni nani hata akatae kukaguliwa?

Na tuangalie mpango wa Mtume ulivyoanza. Ulianza kwa akiba ya kila juma, muda mrefu kabla ya safari. Vikundi vya kuweka na kukopa vya Delta na Kibiti vyafanya vivyo hivyo, na daftari lao la hisa ni hati bora kuliko barua kumi za kuwasifu. Kikundi kilichotunza shilingi za wanachama 20 kwa miaka miwili bila ugomvi kina ushuhuda. Kiambatishe nakala za kurasa zake, pamoja na stakabadhi, hata zile za kalamu na madaftari.

Juu ya waandishi wa kukodi

Kuna watu wema wanaosaidia vikundi kuandika, wakalipwa ujira wa haki kwa siku zao, nasi hatuwasemi hao. Twawasema wanaodai sehemu katika mia ya fedha itakayopatikana. Hapo ndipo vikundi huangamia, tena kwa njia isiyoonekana upesi. Mwandishi wa namna hiyo ataongeza makisio ili sehemu yake ikue. Atataja mambo yanayopendwa mjini mwaka huo, ingawa kijiji hakikuyataka. Na kwa kuwa hakuna mfuko ukubalio kulipa ujira huo, wanachama watalazimika kuuficha chini ya jina jingine, yaani kutengeneza stakabadhi ya uongo siku ile ile fedha ifikapo. Mama mwaminifu aliyechaguliwa kushika daftari, kwa sababu ya uaminifu wake, ndiye atakayetia sahihi juu ya uongo huo. Atarudi nyumbani na siri ambayo hakuitafuta. Na ikija siku ya ukaguzi, yule mwandishi hatakuwapo.

Papa Pius XI, katika waraka wake wa mwaka 1931 juu ya mambo ya jamii, alifundisha kwamba si haki jumuiya kubwa kuinyang'anya jumuiya ndogo kazi iwezayo kuifanya yenyewe. Sisi twaona kwamba jumuiya ndogo nayo yakosea inapoikabidhi kazi hiyo kwa mtu mmoja, kwa hiari yake. Katika kila kijiji yupo mwalimu, au msichana aliyemaliza kidato cha nne, au mzee aliyekuwa karani wa chama cha ushirika. Kaeni naye mkekani majioni matatu. Aulize, nanyi mjibu: shida ni ipi, inawapata wangapi, mmekwisha kufanya nini, mnaomba nini, mtajuaje kama mmefaulu. Majibu yenu ndiyo andiko.

Mapadre wenzetu nao wasikilize neno. Parokia na iwape watu chumba cha kukutania, meza, na hata mashine ya kuchapia. Lakini isiwape akaunti yake ya benki, wala Paroko asiwe mmoja wa watia sahihi. Fedha ya tangi la shule ikiingia katika mfuko wa kanisa, hata kwa juma moja, jirani Mwislamu aliyebeba mawe pamoja nasi atakuwa na haki ya kuuliza, na hatutakuwa na jibu la kutosha.

Baada ya jibu

Mfuko ukikataa, kikundi kiandike barua fupi ya shukrani na kuuliza sababu. Wengi hawaandiki, na kwa hiyo huomba tena mwaka unaofuata wakiwa na kasoro ile ile. Mfuko ukikubali, kikundi kisome mkataba wote mbele ya wanachama wote kabla ya kutia sahihi: tarehe za taarifa, matumizi yaliyokatazwa, na ruhusa inayotakiwa kabla ya kuhamisha fedha kutoka kifungu hiki kwenda kingine. Bei ya saruji ikipanda, uandikieni mfuko upesi. Mifuko huvumilia badiko lililotangazwa kuliko mizania iliyolazimishwa ikae sawa. Hesabu zibandikwe ukutani katika ofisi ya kijiji, zisomwe kwa sauti katika mkutano mkuu wa kijiji, kwa ajili ya wasiojua kusoma, na maswali yajibiwe pale pale.

Mwisho, kalenda. Mvua za masika huanza mwezi wa Machi, na za vuli karibu na Oktoba. Tangi litakalokinga masika lazima liwe limekaa juu ya msingi wake mwezi wa Februari, na msingi wenyewe wapasa kujengwa mapema ili ukauke na kukomaa. Mifuko mingi hukaa miezi kadhaa kabla ya kutoa jibu, na kutoka jibu hadi fedha kufika hupita muda mwingine. Hati tatu za bei, muhtasari wa kijiji na barua ya mwalimu mkuu havipatikani kwa juma moja, hasa wakati wa kuokota korosho, ambapo hakuna mtu nyumbani. Ukihesabu kurudi nyuma kutoka Februari, mkutano wa kwanza wa akina mama wale, ule wa kulipima paa, wafaa ufanyike kabla ya mwezi wa Juni.